Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa Ujerumani

Msikilizaji wetu mmoja wa Nkowe alituma meseji wakati wa kipindi cha asubuhi. Mwanawe anamaliza chuo, amesomea Kiswahili, na ameambiwa huko Asia vipo vyuo vikuu vinavyotafuta walimu wa lugha, utangazaji na tafsiri. Mzee anauliza: hiyo ni kazi kweli, au kijana anadanganywa?

Kazi hiyo ipo. Kiswahili kinafundishwa Beijing nchini China, nchini Korea Kusini na Osaka nchini Japani. Nayo haikuanza jana. Leo tunawaletea habari za mtu wa pwani aliyeitwa kufanya kazi hiyo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Maisha yake yatamsaidia mzee huyu kujua amuulize nini mwanawe.

Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo, inakadiriwa mwaka 1869. Wakati huo Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara. Wapagazi walifika na pembe za ndovu kutoka bara, wakarudi na nguo na shanga. Mtoro alisoma chuoni, yaani madrasa, akawa mtu wa elimu ya dini na sheria ya Kiislamu. Alisafiri pia Udoe na Uzigua, akaandika habari za alichokiona.

Wajerumani walipoitawala nchi hii walihitaji maofisa wanaoelewa lugha ya watu. Mwaka 1887 palianzishwa Berlin chuo cha lugha za Mashariki, chini ya chuo kikuu cha mji huo. Zilifundishwa lugha za Asia kama Kichina, Kijapani, Kiarabu na Kituruki, na Kiswahili kikawekwa humo humo. Waliosoma walikuwa watu wanaojiandaa kwa kazi za serikali, ukalimani na biashara.

Utaratibu wa kuajiri ulikuwa hivi. Kila lugha ilikuwa na mwalimu Mjerumani anayeongoza somo. Chini yake aliwekwa mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, kazi yake ikiwa kutamkisha, kuzungumza na wanafunzi na kuwafafanulia maana. Kwa Kiswahili walitangulia Sleman bin Said na Amur bin Nasur, wote wa Zanzibar. Mwaka 1900 ikawa zamu ya Mtoro. Aliyeongoza somo wakati huo alikuwa Carl Velten, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu.

Akiwa Berlin, Mtoro aliandika kazi kubwa kuhusu maisha ya watu wa pwani: mtoto anavyozaliwa, jando, ndoa, ngoma, utumwa, safari za bara, magonjwa na mazishi. Mwaka 1903 kitabu kikatoka kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Mtoro. Lakini jina lililotangulia kwenye kitabu lilikuwa la Velten, kwamba yeye ndiye aliyekusanya na kutoa.

Sisi wa Ruangwa na Nachingwea tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Ukipeleka korosho zako AMCOS, zikapimwa, halafu stakabadhi ikaandikwa jina la mwingine, utasema nini siku ya malipo? Korosho zipo ghalani, kila mtu anaziona, lakini kwenye karatasi si zako.

Mwaka 1904 Mtoro alimuoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Baadaye kidogo wakapanda meli kuja Afrika Mashariki. Serikali ya Gavana Götzen ilikataa. Haikutaka Mwafrika ashuke bandarini na mke Mzungu, maana utawala wote ulisimama juu ya kumweka Mzungu juu na Mwafrika chini. Mtoro akawa mbele ya nchi yake na hawezi kukanyaga pamoja na mkewe. Hakumwacha. Walirudi wote Ujerumani.

Tangu mwaka 1909 alifundisha Hamburg, kwenye taasisi ya mambo ya makoloni, chini ya Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu. Baadhi ya maofisa waliokuja kutawala huku walijifunza kusema na babu zetu kutoka kwa watu kama yeye. Kazi hiyo ya Hamburg ilikoma mwaka 1913. Baada ya hapo alijitafutia riziki kwa njia nyingine, ikiwemo kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 kitabu chake kilitolewa upya Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Safari hii jina la Mtoro likawekwa juu ya kitabu. Ilikuwa miaka 78 tangu kitoke mara ya kwanza, na miaka 54 tangu mwenyewe azikwe.

Sasa tumrudie mzee wa Nkowe. Zama zimebadilika. Kijana wako hatakwenda kama mtawaliwa, atakwenda na hati ya kusafiria ya nchi huru, na lugha yake inafundishwa mpaka digrii. Lakini kabla hajapanda ndege, kaa naye chini umuulize mambo matatu. Mkataba unamtambua kama mhadhiri kamili au msaidizi wa kutamkisha tu? Akiandika kitabu au kutafsiri, jina lake litakaa wapi? Na akiwa na mke au mume, wanaruhusiwa kuishi pamoja huko, na kurudi pamoja nyumbani?

Mtoro hakukosa elimu wala bidii. Alichokosa ni majibu mazuri ya maswali hayo, na wakati wake hakukuwa na wa kumdai. Kijana wako leo anaweza kuyadai, tena kwa maandishi, kabla ya kutia saini.