Farrokh wa Unguja, muuza mitumba aliyeimba roki

Mwanamuziki aliyeuza santuri nyingi kuliko mwingine yeyote aliyezaliwa Afrika Mashariki hakuuza hata moja kwa jina la Afrika Mashariki. Alizaliwa hospitali ya serikali mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Ule wimbo wa We Are the Champions unaopigwa kila timu inapochukua kombe, huyo ndiye aliyeutunga na kuuimba.

Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni Unguja. Familia ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, ambao asili yao ya mbali ni Uajemi lakini kwa karne nyingi wamekaa Gujarat nchini India. Hata jina la Bulsara limetoka katika mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad.

Anayevusha mzigo Busia au Malaba anaijua shughuli ya cheti cha asili. Bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha ikiwa cheti kimegongwa muhuri kwamba zimezalishwa kwetu. Farrokh angemsumbua sana ofisa wa dirisha hilo. Mzazi wake ni wa Gujarat, kitovu chake ni cha Unguja, shule yake ni ya India, na biashara yake yote aliifanyia London. Kila upande una haki ya kugonga muhuri, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuugonga, pamoja na yeye mwenyewe.

Alipokuwa na miaka minane hivi alipelekwa India kwa meli, akasoma shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani. Huko alijifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Wenzake walianza kumwita Freddie, na jina likashika. Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na katika mwaka huo familia ikakimbilia Uingereza na mizigo michache. Walifikia Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na miaka 17, na kati ya vibarua alivyofanya ni kubeba mizigo ya abiria uwanjani hapo.

Alisomea uchoraji wa matangazo katika chuo cha sanaa cha Ealing hadi mwaka 1969. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyechora nembo ya Queen, ile yenye simba, kaa na ndege mkubwa juu yake.

Waandishi wengi wa maisha yake hupita haraka kwenye kipindi kinachofuata, lakini msomaji wa Busia atataka tusimame hapo kidogo. Baada ya chuo, Farrokh na mpiga ngoma Roger Taylor walifungua kibanda Kensington Market, London, wakauza nguo kuukuu: makoti ya zamani, skafu, mavazi ya enzi ya Mfalme Edward. Kwa lugha yetu, walikuwa wachuuzi wa mitumba. Mtaji ulikuwa mdogo na faida ilikuwa ya kubahatisha. Lakini anayefungua robota kila asubuhi anajua kwamba blauzi ikilala kwenye lundo ina bei moja, na ikitundikwa mbele ikapigwa pasi ina bei nyingine. Ukiangalia alivyovaa jukwaani miaka iliyofuata, naamini somo hilo alilichukua kibandani.

Mwaka 1970 yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May waliunda Queen. Mpiga besi John Deacon alijiunga mwaka 1971. Wakati huo ndipo Bulsara alipojiita Mercury.

Muziki wa roki wa Uingereza siku hizo ulikuwa na njia mbili kubwa. Kulikuwa na roki ya progresivu, ya bendi kama Yes, Genesis na King Crimson. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, zilibadili mwendo mara nne au tano kabla ya kwisha, na albamu nzima ilisikilizwa kama hadithi moja. Upande wa pili kulikuwa na mzigo mzito wa Led Zeppelin na Black Sabbath, magitaa yanayonguruma, ambao baadaye ulizaa metali. Queen walichota pande zote mbili, na hilo liliwakera wahakiki wa magazeti ya muziki, watu wanaopenda kila kitu kiwe na rafu yake.

Albamu ya kwanza, iliyotoka 1973, haikusumbua mtu. Ya pili, Queen II ya Machi 1974, ndiyo ningempa mtu anayetaka kumfahamu Mercury akiwa bado hajapunguza makali. Santuri haina upande A na B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Ule Mweusi wote aliutunga yeye. Nyimbo zinaingiliana bila kupumua, sauti za waimbaji zimerundikwa tabaka juu ya tabaka, na mmoja wa nyimbo hizo umetokana na picha ya mchoraji Richard Dadd inayotunzwa London. Kuna mahali inazidi, kama sahani ya pilau iliyotiwa bizari kwa mikono miwili. Wahakiki wengi waliiponda. Wanunuzi waliipandisha hadi nafasi ya tano katika chati ya Uingereza.

Mwaka huohuo ikatoka Sheer Heart Attack, na humo kuna Stone Cold Crazy, wimbo wa dakika mbili na sekunde chache unaokimbia kama lori lililokatika breki. Metali ya kasi ilikuwa haijapata hata jina. Miaka mingi baadaye Metallica wa Marekani waliurekodi upya, na mwaka 1991 ukawapa tuzo ya Grammy ya metali. Anayemkumbuka Mercury kwa nyimbo za uwanja wa mpira peke yake ausikilize huo.

Mfukoni, hata hivyo, hakukuwa na kitu. Mkataba wao na kampuni ya Trident uliipa kampuni hiyo kila kitu: usimamizi, haki za nyimbo na utengenezaji wa albamu. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa saa za kuokoteza, studio isipokuwa na mteja wa kulipa. Wakawa wanasikika redioni huku wakiishi kwa posho ya wiki. Mwaka 1975 walijitoa, kwa gharama ya pauni 100,000 na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Aliyewahi kumwachia dalali mzigo wote kwa sababu hakuwa na nauli ya kurudi nao anaielewa hesabu hiyo.

Wakaingia studio wakiwa hawana pa kurudi. Albamu ya A Night at the Opera, ya Novemba 1975, ilikuwa kati ya albamu zilizogharimu fedha nyingi zaidi kutengenezwa wakati huo. Wimbo wake mkuu, Bohemian Rhapsody, unakaribia dakika sita, hauna kiitikio, unaanza taratibu na piano, unageuka opera katikati na kumalizika kwa roki nzito. Wenye kampuni ya santuri waliona hakuna redio itakayoupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa London akaupiga mara 14 katika mwisho mmoja wa juma, na wimbo ukakaa kileleni wiki tisa. Katikati ya opera hiyo linasikika neno la Kiarabu ambalo kila Mwislamu wa pwani hulitamka kabla ya kutia mkono kwenye chakula. Mercury hakuwahi kueleza maana ya wimbo. Mimi nasikia Unguja humo, lakini siwezi kumlazimisha mtu.

Unguja inasikika tena mwaka 1978. Albamu ya Jazz inafunguliwa na Mustapha, wimbo ulioanzishwa kwa sauti inayopanda kama ya mnarani, ukichanganya Kiingereza, Kiarabu na maneno ya kubuni. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliitandika albamu hiyo bila huruma. Kwa haki, ina nyimbo ambazo zingebaki studio bila hasara. Mustapha si mmoja wao.

Afrika haikumwona jukwaani hadi Oktoba 1984, na hapo alichagua vibaya. Queen walikwenda kupiga Sun City, jumba la starehe na kamari katika Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyoundwa na makaburu, wakati wasanii wa dunia walikuwa wamesusia Afrika Kusini. Sauti ilimkatika, na baadhi ya maonyesho yakafutwa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Mtu aliyezaliwa Unguja hakuwa na kisingizio cha kutojua ubaguzi ni kitu gani. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, alisimama uwanja wa Wembley kwa dakika 20 hivi na kuushika umati wa watu 72,000. Hilo la pili ndilo linalokumbukwa.

Onyesho lake la mwisho na bendi lilikuwa Knebworth, Agosti 1986. Ukimwi ulikuwa umempata, na alificha. Miaka ile ile barabara ya malori kutoka Mombasa kupitia kwetu hadi Kampala ilikuwa inazika watu, na familia nyingi za mpakani nazo zilificha. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi Uganda kutoka Sweden akatangaza hadharani kwamba anao, akatumia miezi iliyobaki kuzungumza mashuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba 15. Mercury alichagua njia nyingine: alifanya kazi. Innuendo, ya Februari 1991, imeimbwa na mtu asiyeweza kusimama muda mrefu, na huwezi kujua. Wimbo wenye jina hilo umerudi kwenye njia ndefu ya progresivu, na Steve Howe wa bendi ya Yes amepiga gitaa humo. Alikiri ugonjwa kwa tangazo la tarehe 23 Novemba 1991, akafa kesho yake, akiwa na miaka 45. Wa kijijini Mwello wangenufaika zaidi na njia ya Lutaaya. Hilo sina shaka nalo.

Mazishi yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake, mwili ukachomwa. Mwaka 2006 sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake iliyopangwa Unguja ilipingwa na kundi la Uamsho, kwa sababu ya maisha yake na wanaume, ikafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, na wageni hulipa kiingilio. Majivu yake yalikabidhiwa kwa Mary Austin, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hajasema aliyaweka wapi.