Edward Steere na Wazungu wa Karata

Wanafunzi wengi wa Kiswahili humfahamu Askofu Edward Steere kwa sarufi yake na kwa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Wachache humkumbuka kwa karata. Hata hivyo, ni katika msamiati wa mchezo huo, ambao watu wa dini aghalabu huuepuka, ndipo uaminifu wake wa kitaaluma unapobainika waziwazi.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London hadi shahada ya udaktari, kisha akauacha uwakili na kupewa daraja ya ushemasi mwaka 1856. Alikuwa kasisi wa kijiji huko Lincolnshire pale alipofuatana na Askofu Tozer kuja Afrika mwaka 1863. Misheni yao ya Vyuo Vikuu (UMCA) ilikuwa imepoteza watu wengi kwa maradhi katika bonde la mto Shire. Tozer akaihamishia Unguja, wakawasili Agosti 1864. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa watumwa, na Steere akaanza kujifunza lugha huku akiwafundisha. Kutokana na juhudi hizo mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja ulichapishwa mwaka 1870, pamoja na mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili.

Mwongozo huo una orodha ndefu ya maneno, na humo karata hazikuachwa nje. Kiswahili kina aina nne za karata: kopa, uru, shupaza na pau. Majina yote ni ya Kireno. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga na pau ni marungu. Ajabu ni kwamba mchezaji haoni kikombe wala upanga katika karata anayoishika. Anaona moyo, almasi, jani jeusi lenye ncha na ua la majani matatu, yaani picha za mtindo wa Kifaransa. Picha zilibadilika, majina yakabaki. Vikombe, sarafu, panga na marungu ndizo pia aina nne za karata ndogo 56 za taroti, iliyozuka Italia ya kaskazini katika karne ya 15 ikiwa mchezo wa kawaida, kabla ya Wafaransa kuigeuza chombo cha ramli karne tatu baadaye. Karata zake kubwa 22 ziliitwa kwa Kiitaliano trionfi, yaani ushindi. Kutoka hapo Wareno walipata trunfo, na Waswahili wakapata turufu.

Lakini jambo lenye uzito zaidi ni wale wenye sura za watu. Waswahili waliwaita wazungu, na jina lenyewe halikukosa utani. Steere aliwaorodhesha walivyotajwa: mzungu wa pili ni malkia, wa tatu ni kijana mtumishi, wa nne ni mfalme. Kwa mtazamo wa Kiingereza mpangilio huu ni kioja, kwa kuwa malkia yu chini ya mtumishi. Fumbo linafumbuka tukitazama michezo ya Kireno ya bisca na sueca. Humo malkia ana pointi 2, mtumishi 3 na mfalme 4. Saba ina pointi 10 na karata ya moja ina 11, na hizo mbili ndizo zilizopewa majina yake zenyewe katika Kiswahili, yaani seti na ree. Ni vigumu kuuona ulinganifu huu kuwa wa bahati nasibu. Orodha ya maneno si maelezo ya mchezo, lakini laiti Steere angewasahihisha Waswahili na kuandika mfalme na malkia kwa desturi ya kwao, ushahidi huo ungepungua sana. Alikuwa mgeni, na mengi aliyapima kwa mizani ya Kiingereza. Hapa alisikiliza tu.

Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya 1879, naye alifariki Unguja Agosti 1882 na kuzikwa humo.

Steere hakuhubiri Taita. Huko ilitangulia misheni ya CMS, iliyoanza Sagalla mwaka 1883, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na kituo Wusi, juu ya milima ya Wadawida. Wusi iko karibu na Mombasa kuliko Unguja, na CMS iliizoea Kimvita. Lakini mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuusimamia usanifishaji huo. Hivyo mtoto wa Wusi, aliyelelewa kwa Kidawida, akasomeshwa lahaja ileile aliyoielezea Steere. Maneno ya karata hayakupanda mlima kwa mkumbo mmoja. Turufu ilipata bahati ya kuingia siasa na magazeti, na hata asiyewahi kushika karata huielewa. Ree, seti na mzungu wa nne aghalabu zilibaki kwa wachezaji wa pwani na katika kurasa za kamusi.