Enrico Caruso: Gwiji aliyeijua mipaka ya sauti yake

YEYOTE aliyewahi kushika kipaza sauti katika ukumbi wa karaoke anaijua fedheha ya wimbo unaoanza vyema kisha ukamwacha mwimbaji hewani unapofika kwenye kiitikio. Fedheha hiyo ilimkumba pia Enrico Caruso, Mwitaliano ambaye hata sasa, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, hutajwa miongoni mwa waimbaji bora kabisa wa opera. Ilimkumba mara nyingi, tena mbele ya watu waliolipa kiingilio, wakati ambapo kuimba ndiko kulikomlisha.

Caruso alizaliwa jijini Naples mnamo Februari 25, 1873. Babake, Marcellino, alikuwa fundi wa mitambo na alitaka mwanawe afuate kazi iyo hiyo. Mamake, Anna, ndiye aliyemtia moyo aendelee na masomo na kuimba kanisani. Alipokuwa mtoto aliimba sauti ya pili katika kwaya, na mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 15, mama huyo akafariki. Kuanzia hapo, mchana alishinda kiwandani na jioni akawa akiimba mikahawani na barabarani, wakati mwingine chini ya dirisha la msichana kwa niaba ya kijana aliyependa lakini asiyejaliwa sauti. Yasemekana kwamba jozi yake ya kwanza ya viatu vipya aliinunua kwa pesa za nyimbo.

Alipobaleghe likazuka tatizo ambalo lingemwandama kwa takriban miaka kumi. Hakuna aliyejua kwa hakika sauti yake ilikuwa ya aina gani. Chini ilikuwa nzito na yenye rangi ya baritoni, ile sauti iliyo kati ya tenori na besi. Juu ilikuwa ya tenori, yaani sauti ya tatu kama wanakwaya wetu wanavyoiita, lakini ilikuwa nyembamba na fupi. Mwaka 1891 alipelekwa kwa mwalimu Guglielmo Vergine, ambaye inasimuliwa kwamba mara ya kwanza aliifananisha sauti hiyo na upepo unaovuma dirishani. Hata hivyo alikubali kumfunza, kwa sharti kwamba angelipwa asilimia 25 ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Kijana alitia saini bila kung'amua kwamba zilizohesabiwa ni siku za kuimba jukwaani pekee, wala si miaka ya kalenda. Mkataba huo baadaye uliwafikisha mahakamani.

Pamoja na ukali wa mkataba wake, Vergine alimpa funzo moja ambalo Caruso hakulisahau: sauti hailazimishwi. Alimzuia kupaza sauti kwa nguvu zote wakati wenzake wakishindana kupiga kelele.

Alipoitwa jeshini, afisa mmoja mpenzi wa muziki alimsikia akiimba, na muda si mrefu akaruhusiwa kurudi nyumbani huku nduguye Giovanni akitumikia kwa niaba yake. Mnamo Machi 15, 1895 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama mwimbaji wa kulipwa, katika Teatro Nuovo ya Naples. Opera yenyewe ilisahaulika upesi. Naye alianza kuzunguka miji midogo ya kusini mwa Italia, akichukua kila kazi aliyopewa.

Hapo ndipo sauti ilipoanza kumsaliti.

Sauti inapopanda, nyuzi zilizomo kooni hunyooshwa, zikawa nyembamba na kutetema kwa kasi zaidi. Mwimbaji asiyezoea huikaza shingo na kusukuma pumzi, akidhani kwamba noti ya juu hutekwa kwa nguvu. Nyuzi zikilemewa, sauti hupasuka. Sauti ya Caruso ilipasuka mara kwa mara kwenye noti za juu, na watazamaji wa Italia wa enzi hizo hawakuwa na subira na tenori wa namna hiyo.

Aliyemwokoa ni Vincenzo Lombardi, kiongozi wa okestra aliyekutana naye mjini Salerno mwaka 1896. Badala ya kumvuta juu kwa kamba, Lombardi alianzia pale sauti ilipokuwa imara, katikati, akamfundisha kuitegemeza kwa pumzi na kuipandisha kidogo kidogo. Haba na haba ikaanza kujaza kibaba.

Mwaka uliofuata, Caruso alitakiwa kuimba La Bohème jijini Livorno. Katika tendo la kwanza la opera hiyo kuna wimbo ambao kilele chake ni Do ya juu, noti inayowakosesha tenori wengi usingizi. Caruso hakuwa nayo. Alikwenda kumwimbia mtunzi mwenyewe, Giacomo Puccini, nyumbani kwake Torre del Lago, na Puccini akaridhika naye. Jawabu la ile Do lilikuwa jepesi kuliko ilivyodhaniwa. Wimbo wote ulishushwa kwa nusu toni, yaani hatua moja tu ya kinanda, na kilele kikawa Si. Kwa msikilizaji wa kawaida hakuna kilichopungua, ilhali kwa mwimbaji hiyo ndiyo tofauti ya kulala akiwa na kazi na kulala akiwa amefukuzwa.

Wako wanaoona kushusha wimbo kuwa ni udanganyifu, na walikuwako hata wakati huo. Lakini anayepima sauti kwa noti yake ya juu kabisa anapima kimo cha mnazi kwa kuhesabu madafu. Wimbo haukai kileleni. Sehemu kubwa yake hukaa mahali fulani, na swali la maana ni iwapo mwimbaji anaweza kuishi mahali hapo kwa saa tatu bila kuchoka. Caruso alipapata mahali pake mapema, akapafanya maskani, na noti za juu zikaja zenyewe baadaye.

Zilikuja baada ya majaribio mengine makali. Mnamo Desemba 26, 1900, aliimba kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Scala jijini Milan, chini ya uongozi wa Arturo Toscanini. Katika mazoezi Caruso alikuwa na desturi ya kuimba kwa sauti ya chini ili asijichoshe. Toscanini hakuvumilia desturi hiyo, akamtaka aitoe sauti yote. Usiku wa onyesho ulipowadia tenori alikuwa mgonjwa na mchovu, na mapokezi yakawa baridi. Ilibidi angojee hadi Februari 1901, alipoimba L'elisir d'amore, opera ya vichekesho isiyo na mizigo mizito, ndipo Milan ikamkubali.

Mwishoni mwa mwaka huo alirejea Naples na opera iyo hiyo. Baadhi ya wakosoaji wa nyumbani walimpokea kwa kejeli. Caruso aliapa kwamba hangeimba tena katika mji wake wa kuzaliwa, akatimiza kiapo hicho hadi kifo. Alirudi mara nyingi kula na kupumzika, lakini si kuimba.

Siku iliyobadili maisha yake ni Aprili 11, 1902. Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone alimkodi arekodi nyimbo kumi katika chumba cha hoteli moja ya Milan kwa pauni 100. Wakuu wake jijini London waliona bei hiyo ni wazimu na wakamkataza. Gaisberg aliendelea bila kujali. Caruso alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, akaimba kumi zote alasiri moja, akachukua pesa zake na kwenda zake. Mashine za wakati huo zilizipoteza sauti nyembamba za juu na zile za chini kabisa, lakini ziliipokea vyema sauti ya katikati. Uzito ule wa kibaritoni ambao uliwatatiza walimu wake sasa ukawa ndio utajiri wake. Kampuni iyo hiyo, kupitia nembo yake ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar jijini Bombay mwaka 1928, na kuipeleka sauti ya taarab katika nyumba za pwani yetu.

Santuri hizo zilimfungulia milango. Mwaka 1902 aliimba Covent Garden, London, na Novemba 23, 1903 akaanza kazi katika Metropolitan Opera ya New York, ambako angeimba zaidi ya mara 860.

Namna alivyokuza hazina yake ya nyimbo inastahili kutazamwa kwa makini. Alianza na uhusika mwepesi, kisha kadiri miaka ilivyosonga na sauti kuwa nzito, akaongeza mzito: Radamès katika Aida, Canio katika Pagliacci, Samson mwaka 1915, na Eléazar, mzee Myahudi wa La Juive, mwaka 1919. Kwa ajili ya huyo wa mwisho alijifunza mila za Kiyahudi ili asije akaonekana mgeni katika ibada inayoigizwa jukwaani. Kando ya opera alikuwa na nyimbo za Naples, na aliweza kuimba kwa Kifaransa, Kihispania, Kilatini na hata Kiingereza.

Aidha, alijua kukataa. Mwaka 1901 alijaribu Lohengrin ya Wagner jijini Buenos Aires. Hakuirudia tena, wala hakuimba opera nyingine ya Wagner jukwaani. Otello ya Verdi, ambayo wengi walidhani imeumbwa kwa ajili yake, hakuwahi kuiimba ukumbini. Alichoacha ni vipande vichache kwenye santuri, kikiwemo kile alichorekodi mwaka 1914 pamoja na mwenye baritoni Titta Ruffo.

Mzaha mmoja wa mwaka 1913 unaonyesha jinsi alivyoielewa sauti yake. Wakiwa Philadelphia katika onyesho la La Bohème, mwenye besi, Andrés de Segurola, alikaukiwa na sauti kabla ya wimbo wake wa tendo la mwisho. Caruso aliuimba yeye badala yake, akiwa ameupa umati mgongo, na wengi ukumbini hawakutambua. Tenori alikuwa amepanga kwa muda katika nyumba ya besi. Mwaka 1916 aliurekodi wimbo huo kwa ajili ya marafiki, na nakala zilizotolewa zilikuwa chache mno.

Si kwamba aliitunza sauti hiyo kwa kila njia. Alivuta sigara kwa wingi. Mwaka 1908 mwimbaji Ada Giachetti, mamake wanawe wawili, alimwacha na kutoroka na dereva wao. Caruso aliendelea kuimba kwa moyo uliojeruhiwa, akijitwika ratiba ambayo hata mtu mzima wa afya ingemlemea. Msimu wa 1909 sauti ilikwama. Alilazimika kuukatiza, akafanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti jijini Milan, na kwa miezi kadhaa hakujua iwapo angeimba tena. Alirejea, tena akiwa na sauti yenye giza na kina zaidi ya awali.

Mwaka 1918 alimwoa Dorothy Benjamin, Mmarekani, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Gloria. Furaha hiyo haikudumu. Mnamo Desemba 11, 1920, akiimba L'elisir d'amore huko Brooklyn, alianza kutokwa na damu kinywani. Wanakwaya walimpitishia leso moja baada ya nyingine, naye akaendelea kuimba hadi tendo la kwanza likaisha, ndipo onyesho likafutwa. Mkesha wa Krismasi aliimba La Juive akiwa na maumivu makali ubavuni. Hilo lilikuwa onyesho lake la mwisho. Siku iliyofuata alizidiwa na ugonjwa wa utando wa mapafu, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa.

Alipopata nafuu kidogo alirudi Italia pamoja na familia yake, wakakaa Sorrento, karibu na Naples. Siku moja ya Julai 1921 kijana mmoja alikuja kumwomba amsikilize. Kijana alipokwama, Caruso aliinuka kumwonyesha jinsi wimbo unavyopaswa kwenda. Dorothy, aliyekuwa chumba kingine, alisikia sauti ya mumewe ikitoka nzima, kana kwamba haikuwahi kuugua, na mwenyewe alifurahi kupita kiasi kwa kugundua kwamba bado ipo.

Siku chache baadaye hali ilimgeuka. Alisafirishwa hadi Naples, akafariki katika hoteli ya Vesuvio mnamo Agosti 2, 1921, akiwa na umri wa miaka 48. Mfalme aliamuru kanisa la San Francesco di Paola lifunguliwe kwa mazishi yake, na maelfu ya watu wa mji aliokataa kuuimbia wakafurika barabarani kumsindikiza.