Daktari wa Jicho Moja Aliyeona Mbali

Hebu nikuulize swali. Je, umewahi kumwona mtoto aliyevimba taya hadi uso ukapinda upande mmoja? Hapa kwetu Busia na Malaba mtoto akivimba hivyo, wengi husema mara moja ni jino. Wengine husema kuna jirani mwenye jicho baya. Basi mtoto anapelekwa kung'olewa jino, au anachanjwa chale, na huku siku zinayoyoma. Kumbe huenda si jino wala si husuda. Huenda ni ugonjwa wenye jina la mtu, na mtu huyo alifanya kazi hapo ng'ambo tu, upande wa Uganda. Nataka nikusimulie maisha yake, kwa sababu ukiyajua maisha yake utaujua na ugonjwa, na ukiujua ugonjwa huenda siku moja ukamwokoa ndugu yako.

Mtu huyo ni Daktari Denis Burkitt. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini alipopata nafasi alipenda sana kuchunguza ndege. Aliwafunga vipete miguuni ndege wadogo wa bustanini mwake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi. Tafadhali ikumbuke ramani hiyo, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, na utaona mbele.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lilirushwa likavunja miwani yake na vipande vya kioo vikamwingia jichoni. Jicho hilo likapotea. Tangu siku hiyo aliona kwa jicho moja. Alipofika Chuo Kikuu cha Dublin alianza kusomea uhandisi kama baba yake, na wala hakung'aa. Baadaye alibadili akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akawa daktari mpasuaji kamili. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi la Uingereza lilimpokea na kumleta Afrika Mashariki. Baada ya vita, mwaka 1946, aliajiriwa Uganda na kupelekwa Lira, kaskazini mwa nchi, akiwa daktari wa wilaya nzima.

Huko Lira aliona wanaume wengi wenye busha, yaani mfuko wa mapumbu unaojaa maji ukavimba. Ni ugonjwa ambao watu huuonea haya, wanaficha mpaka wanashindwa kutembea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tiba yake ni upasuaji usio mkubwa. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, daktari hupasua kidogo, maji hutolewa, na ule utando unaotoa maji hukatwa au kugeuzwa ili yasijae tena, kisha panashonwa. Burkitt aliwapasua wengi. Ila alijiuliza jambo moja: mbona wagonjwa hawa wanatoka zaidi mashariki mwa wilaya, na magharibi ni wachache mno? Akachora ramani. Siku hizi tunajua kwamba busha nyingi katika nchi za joto huletwa na vijinyoo vidogo sana vinavyoenezwa na mbu, na mbu hawaishi kila mahali kwa wingi sawa.

Mwaka 1948 alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini atazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alikuwa hajaona kitu kama hicho. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, mji ule ambao magari yatokayo Malaba na Busia huupita kabla ya kufika Kampala. Alichungulia dirishani akamwona msichana mdogo ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka mbio akampima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo ndipo alipong'amua kwamba watoto wawili hawa wana ugonjwa mmoja.

Alirudi Mulago akafukua rekodi za zamani. Akakuta watoto wengi walikuwa wamekufa hivyo hivyo, lakini kila daktari alikuwa ameandika jina lake: huyu kansa ya taya, yule kansa ya figo, yule ya jicho. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande hivyo. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wataalamu wa hadubini walikuja kuthibitisha kwamba ni kansa ya chembe za damu zinazokaa katika tezi. Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt.

Kuuliza si ujinga. Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa akazituma katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Majibu yalipokuja alichoma pini kwenye ramani, kama baba yake na wale ndege. Pini zikafanya mkanda katikati ya Afrika. Lakini mkanda huo unaishia wapi? Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la aina ya Ford la mwaka 1954. Walikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, yapata kilomita 16,000 kwa majuma kumi, wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Walichokiona ni kwamba ugonjwa huu unapenda nchi za chini zenye joto na mvua nyingi. Ukipanda juu ya mita 1,500 hivi katika sehemu zetu za ikweta, unatoweka.

Sasa ndugu msomaji, tujitazame sisi wenyewe. Mji wa Busia uko takriban mita 1,200 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua tunayo, joto tunalo, mbu ndio usiseme! Ukishuka Samia na Bunyala hadi ziwani, mambo ni yale yale. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000, ndiyo maana huko ugonjwa huu si wa wenyeji. Sisi tumo ndani ya mkanda wa Burkitt kabisa.

Kwa nini iwe hivyo? Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikaa akasikiliza kwa makini. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi vipya ndani ya chembe hizo. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana vinavyohusika na kansa ya binadamu. Usiogope, karibu kila mmoja wetu anavyo, vinaambukizwa kwa mate, na kwa kawaida havitudhuru. Lakini mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huvurugika, na hapo virusi hupata mwanya. Kwa hiyo chandarua si kinga ya malaria pekee.

Na tiba je? Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini alikiri kwamba kisu hakifai hapa. Uvimbe huu hukua haraka ajabu, ndani ya siku chache unaweza kuwa maradufu. Ukikata huku unaota kule. Mashine za mionzi hazikuwepo Kampala. Akajaribu dawa za kansa, na Nairobi naye Daktari Peter Clifford akafanya hivyo. Uvimbe ukayeyuka kama barafu juani, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Leo matibabu hufuata njia hiyo. Kwanza mtoto hutiwa ganzi au nusukaputi, hukatwa kipande kidogo cha uvimbe kitazamwe kwa hadubini. Bila hivyo haijulikani ni nini. Kisha hupewa dawa kadhaa kupitia mshipa wa damu, kwa vipindi vya majuma kadhaa. Nyingine hutiwa kwa sindano uti wa mgongo ili ugonjwa usipande ubongoni. Nywele hunyonyoka na mtoto hutapika, lakini nywele huota tena. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya tisa kwa kila kumi hupona. Huku kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao. Sababu kubwa ni kuchelewa, tena wengine hukatiza dawa njiani kwa kukosa nauli au kwa kudhani mtoto ameshapona.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alianza jambo jingine la kuchekesha: kupima uzito wa choo! Aligundua kwamba watu wa vijiji vya Afrika wanapata choo kikubwa na laini, na Waingereza wanapata kidogo na kigumu, na pia wanaugua bawasiri, kidole tumbo na kansa ya utumbo kwa wingi. Alisema sababu ni kula vyakula vilivyokobolewa visivyo na nyuzinyuzi. Si kila alichokisia kimethibitishwa, lakini nyuzinyuzi hulainisha choo kweli na hupunguza hatari ya kansa ya utumbo mpana. Basi ugali wa wimbi, ule Wateso wanaouita atap, pamoja na kunde na mrenda, si chakula cha kuonea haya mbele ya mkate mweupe.

Daktari Burkitt alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa mcha Mungu na hakupenda kujikweza.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, sisi tunaishi mpakani. Boda boda zilianzia hapa hapa kwa kuvusha watu, na magonjwa nayo hayaulizi pasipoti. Ukimwona mtoto amevimba taya au tumbo, jicho limetokeza nje, ama meno yamelegea bila sababu, usingoje. Waambie wazazi wampeleke hospitali ya Kocholya au ya Busia, na huko waombe barua ya rufaa kwenda Kisumu au Eldoret kunakotibiwa kansa. Watoto wadogo walale ndani ya chandarua, na wapelekwe wapate chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika sehemu za magharibi, Busia ikiwemo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alikuwa na jicho moja tu na akaona. Sisi tuna mawili, tutashindwaje?