John Cooper: mtu aliyegeuka nembo ya gari

Vijana wetu huku Ghuba wananunua nembo ya gari la mbio, wanaibandika kwenye buti, na injini ni ile ile. Basi leo tumkumbuke John Cooper, Mwingereza ambaye jina lake lenyewe ndilo nembo.

Alizaliwa 1923. Baba yake, Charles, alikuwa na gereji Surbiton. Mwaka 1946 baba na mwana waliunda kigari cha mashindano, wakakitia injini ya pikipiki nyuma ya dereva. Mwaka 1959 na 1960 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia wa Formula One kwa gari zao, na wengine wote wakafuata mtindo huo wa injini nyuma.

Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper. Injini ilipanda kutoka sisi 848 hadi 997, nguvu za farasi kutoka 34 hadi 55, na magurudumu ya mbele yakatiwa breki za diski. Mwaka 1964 Mini Cooper S ikashinda Monte Carlo Rally.

Cooper alifariki Desemba 2000. Wanangu, yeye alipoongeza mwendo aliongeza na breki. Nembo ya kubandika haiongezi hata kimoja.