Alianzia Ziwa Rukwa, akaishia kuvuka bara la barafu

Leo naomba niwatoe kidogo kwenye foleni ya malori hapa mpakani Tunduma niwapeleke kwenye baridi. Na sio baridi ya Mbozi ya mwezi wa saba. Nasema Antaktika, bara lililokaa chini kabisa ya dunia, barafu tupu, halina mwenyeji hata mmoja, watu wanaoishi kule ni watafiti na mafundi wanaokwenda na kurudi.

Jamaa mwenyewe anaitwa Vivian Fuchs. Mimi nimemaliza sekondari bila kumsikia, na jiografia nilikuwa naipenda kweli. Bonde la Ufa tulilichora mpaka wino ukaisha, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kiongozi wa msafara wa kwanza kuvuka Antaktika nzima kwa nchi kavu aliwahi kupiga kazi hapa hapa kwetu, Ziwa Rukwa.

Alizaliwa 1908, kisiwa cha Wight, Uingereza. Baba yake alikuwa Mjerumani, kwa hiyo Vita ya Kwanza ilipoanza mzee akawekwa kizuizini kama adui. Kijana akasoma Cambridge, na mwalimu wake alikuwa James Wordie, mmoja wa watu wa Shackleton, yule ambaye meli yake Endurance ilibanwa na barafu ikazama 1915 kabla hata hajaanza kulivuka bara. Wordie akamchukua Greenland 1929. Kumbe safari imeanzia hapo.

Halafu Afrika. Akaja 1930 kwenye msafara wa maziwa ya Afrika Mashariki, 1931 akawa Olduvai na Louis Leakey, na 1934 akaongoza msafara wake mwenyewe Ziwa Rudolf, ambalo siku hizi ni Turkana. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakurudi. Wakatafutwa, wapi. Mpaka leo hawajapatikana. Fuchs alikuwa na miaka 26 tu, na hao watu walikuwa chini yake. Hapa niliacha kusoma kwanza nikakaa kimya. Wewe mdau ungerudi tena ziwani?

Yeye alirudi. 1937 hadi 1938 akaongoza msafara wa Ziwa Rukwa. Ziwa letu hili linapokea maji ya Songwe na Momba halafu halina mto wa kutoka, na zamani za kale maji yake yalifika juu sana kuliko sasa. Kwa mjiolojia hiyo ni dhahabu. Ila kuna kitu kinaniuma: safari kama zile haziendi bila wapagazi, wapishi na wenyeji wa kuonyesha njia, lakini jina linalobaki kitabuni ni la bosi.

(Nje ya mada kidogo: Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, wilaya yetu ya Momba. Sio kile kikubwa cha Mbozi mnachokijua. Na sehemu vinakookotwa vimondo vingi kuliko zote duniani ni Antaktika, kwa sababu jiwe jeusi juu ya barafu halijifichi.)

Baada ya Vita ya Pili akaenda Antaktika, 1947. Kituo chao kilikuwa kisiwa cha Stonington, na 1949 meli ya kuwachukua ilishindwa kupita kwenye barafu, wakakaa mwaka mwingine. Huko huko ndiko wazo la kulivuka bara lilipomkaa kichwani.

Novemba 24, 1957 wakaondoka, watu 12, na magari ya minyororo. Barafu ile ina nyufa zilizofunikwa na theluji, gari linakwenda vizuri ghafla linaning'inia juu ya shimo. Edmund Hillary, yule wa Everest, alikuwa anatokea upande wa pili kuweka akiba ya mafuta na chakula. Akiwa na trekta za Ferguson (ndiyo, ukoo wa hizi Massey za mashambani) akafika Ncha ya Kusini Januari 4, 1958, kabla ya kiongozi wake! Halafu akamshauri Fuchs aishie pale, amalizie msimu mwingine, maana majira yanaharibika. Watu wengi wanamwona Hillary ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Mimi namwelewa, lakini namwelewa Fuchs pia. Alifika nchani Januari 19, akakataa kusimama, na Machi 2 wakatokea upande wa pili wote wazima. Siku 99, karibu kilomita 3,500, yaani pungufu kidogo ya Tunduma hadi Dar kwenda na kurudi mara mbili.

Akapewa cheo cha Sir, akaongoza shirika la utafiti la Waingereza huko Antaktika mpaka 1973, akafariki Cambridge Novemba 1999 akiwa na miaka 91.

Sasa wadau wa Kamsamba, Ivuna na Galula, waulizeni mababu kama walisimuliwa habari za wazungu waliokuja kupima mawe ya ziwa enzi zile, hasa majina ya wenyeji waliowapeleka. Andikeni hapo chini kwenye maoni. Mimi muda wangu wa kafe umebaki dakika nne.