Tshibumba na dohani ya Lubumbashi

Mtaa waliozaliwa kaka zangu haupo tena. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya Goma, nami nilikuwa sijatimiza mwaka. Hata hivyo najua duka lilikuwa upande gani na maji yalichotwa wapi, kwa kuwa nyumbani kwetu mambo hayo husimuliwa kila mara. Ndiyo maana maisha ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, yalinigusa niliposoma habari zake.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947. Mji aliouchora mara nyingi, Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Mji huo wa mwanzo hakuuwahi. Alichokiona kwa macho yake ni dohani ndefu na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Mengine aliyapata kwa kusikia na kusoma. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi mjini humo. Hakuwa amezaliwa, lakini mauaji hayo aliyachora.

Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akiwauzia watu wa kawaida waliotundika picha sebuleni. Wao waliziita ukumbusho. Sisi wa isimu tulitazame vizuri neno hilo: limetoka kwenye kumbusha, si kumbuka. Kukumbuka mtu aweza peke yake. Kukumbusha kunahitaji mwingine wa kukumbushwa. Mandhari ya kiwanda ukutani ilimfanya baba aanze kuwaeleza watoto nani alifanya kazi pale, na nani hakurudi. Anayeipima picha hiyo kama ramani ataiona ina kasoro. Kazi yake ilikuwa kufungua mazungumzo.

Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha anthropolojia Lubumbashi. Alijiona mwanahistoria. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Katanga, sauti yake ikinaswa kwenye kanda, na mwaka 1996 maelezo hayo yakatoka katika kitabu cha Fabian. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na wanaomwandika humhesabu kuwa marehemu. Kaburi lake halijulikani. Kimebaki Kiswahili chake.

Kiswahili hicho, katika mtihani wa sarufi, kingejaa wino mwekundu. Nakiri kwamba hata mimi nimekuwa nikikiacha Kiswahili cha Goma mlangoni ninapoingia darasani, na mada yangu ya tasnifu niliichagua ili nisikiguse. Lakini historia ya wafanyakazi wa shaba haikusubiri upatanisho wa kisarufi ukamilike. Ilipita katika vinywa vilivyokuwepo.

Mada nimeibadilisha. Jumapili nitamrekodi mama akieleza mtaa wetu uliofunikwa na lava, nyumba kwa nyumba, na nitakaponakili sitasahihisha neno lake hata moja.